Haki ya Mjane wa Mwanajeshi Isipitie Kikao cha Ukoo

Bajeti ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa inapojadiliwa Dodoma, mara nyingi huwapo mbunge wa kuuliza pensheni ya wanajeshi wastaafu itapanda lini. Jibu la serikali linajulikana: suala linafahamika, linafanyiwa kazi, uwezo wa kifedha ukiruhusu. Mjadala wote hujifunga kwenye kiwango. Makala haya yanadai kwamba kiwango ndiyo sehemu nyepesi ya tatizo. Nyongeza ikipitishwa leo, itamfikia bila shida mstaafu aliye hai, mwenye jalada lililonyooka na akaunti ya benki. Akishakufa, au kama jalada lake halikuwahi kufunguliwa, nyongeza hiyo haina mlango wa kuingilia nyumbani kwake. Ukiusoma muswada wowote wa kuongeza pensheni kwa macho ya Mwakitolyo, kata ya machimbo ya dhahabu katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, unaona kwamba wanaohitaji kutungiwa sheria kwanza ni wategemezi, na kwamba haki yao inapaswa kuwa yao wenyewe, isiwe sehemu ya mirathi ya marehemu.

Mwanajeshi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) hachangii mfuko wa hifadhi ya jamii kama mwalimu au muuguzi. Mafao yake yanatokana na kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, Sura ya 192, na mlipaji ni Hazina. Zile kelele za kikokotoo cha mafao, mkupuo wa asilimia 25 mwaka 2018, 33 mwaka 2022, kisha 40 katika bajeti ya 2024/25, zilikuwa za wanachama wa mifuko. Utaratibu wa Hazina una nafuu yake, maana mwanajeshi hakatwi. Una kasoro pia: hakuna kinachoilazimisha serikali kupandisha chochote. Kima cha chini cha pensheni inayolipwa na Hazina kilikuwa Sh50,114 kwa mwezi hadi bajeti ya 2015/16 ilipokifikisha Sh100,125, kisha kikakaa miaka mingi bila kuguswa huku bei ya unga, dawa na nauli ikipanda. India mwaka 2015 ilikubali kanuni ya cheo kimoja, pensheni moja: aliyestaafu zamani hulinganishwa na aliyestaafu karibuni kwa cheo na muda uleule wa utumishi, na mahesabu hurudiwa kila baada ya miaka mitano. Kanuni ya namna hiyo ingetoshea kwenye kifungu kimoja cha muswada, nami sina zaidi ya kusema juu yake.

Ugumu unaanzia kwingine. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi la Tanzania lilikuwa na watu wasiofika 40,000. Katika muda wa wiki chache lilivimba kupita 100,000, na humo walikuwamo mgambo ambao idadi yao hutajwa kuwa karibu 40,000. Walitoka vijijini nchi nzima, Usukumani ikiwamo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Vita vilipokwisha nchi ilikuwa hoi kiuchumi, Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi miezi 18 ya kufunga mikanda, na mgambo wengi wakarudishwa makwao. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amevuka 65. Kanuni za pensheni zimejengwa juu ya miaka ya utumishi, na mtu aliyepigana miezi kadhaa hana miaka ya kuhesabiwa, hata kama miezi hiyo ilikuwa ya mapigano ya Mutukula, Lukaya na Entebbe. Machimbo ya ukanda huu, kuanzia Mwakitolyo hadi Geita, yamekusanya watu wa kila historia. Haitashangaza kumkuta mzee wa namna hiyo akilinda karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, usiku kwa ujira wa kutwa.

Kanda ya Ziwa ina kumbukumbu ya zamani ya tatizo hili la uthibitisho. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari Waafrika waliopigana chini ya kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na meza ya malipo ikafunguliwa Mwanza. Simulizi iliyoandikwa na Charles Miller inasema wazee wapatao 350 walijitokeza. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918; wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Ndipo kila mmoja akakabidhiwa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani afanye kwata ya silaha, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Tunaweza kubishana kisa hicho kimepambwa kiasi gani. Kinachonivutia ni uamuzi wa mlipaji: alipoona karatasi hazipo, alitafuta ushahidi mwingine uliolingana na maisha ya watu waliosimama mbele yake. Mgambo wa Kagera anaweza kutaja kikosi, kamanda, mto waliouvuka na wenzake waliozikwa Kaboya, wilayani Muleba. Sheria mpya ingeweza kuruhusu ushahidi wa aina hiyo usikilizwe na jopo la wanajeshi wastaafu wa mkoa, watu ambao hawadanganyiki kirahisi na porojo za vita.

Hata hivyo, kwa kundi hili naona kuna njia fupi zaidi. Tangu Aprili 2016 Zanzibar humlipa pensheni jamii kila mzee aliyefikisha miaka 70, bila kuuliza alifanya kazi gani. Ilianza na Sh20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa kuwa Sh50,000. Utaratibu huo ukiletwa Bara, mgambo wa Shinyanga angeipata kwa umri wake tu, akifikisha 70. Wapo watakaosema huko ni kumshusha mpiganaji awe sawa na asiyewahi kushika bunduki. Hoja hiyo naiheshimu, ila wanaoitoa kwa kawaida tayari wanapokea pensheni.

Sasa wategemezi. Tuchukue mfano wa kubuni, lakini ambao hakuna mkazi wa machimboni atakayeuona mgeni. Koplo mstaafu anatoka Maswa, ambako ana mke aliyemtolea mahari ya ng'ombe na watoto ambao wengine bado wako shule. Anakuja Mwakitolyo kushirikiana na wenzake kwenye duara, yaani shimo la machimbo. Anaishi na mwanamke anayenunua marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuoshwa, na kuyaosha upya, wanazaa watoto wawili, wanakaa miaka sita na majirani wote wanawajua kama mke na mume. Koplo anafariki. Kuanzia hapo kila karatasi inadai karatasi nyingine: cheti cha kifo cha RITA, na kabla yake barua ya mtendaji, muhtasari wa kikao cha ukoo, fomu za usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo, kiapo cha kuthibitisha kwamba jina la jeshini na la nyumbani ni la mtu mmoja, maana kijana aliandikishwa kwa jina la babu yake na kitambulisho cha NIDA kina jina la ubatizo. Kikao cha ukoo kinakaa Maswa. Mwanamke wa Mwakitolyo haalikwi, au anaalikwa aje kupika. Kaka wa marehemu anateuliwa kuwa msimamizi, na yeye ndiye anayeorodhesha warithi.

Mke wa Maswa naye asidhaniwe kwamba yuko salama. Wajane wawili wa Kisukuma walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, ambazo humnyima mjane fungu la urithi pale ndugu wa ukoo wa mumewe wapo, na kumwambia fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta kwa kuhofia kwamba ingefungua mlango wa kesi za mila zisizo na mwisho. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ikaona kwamba Tanzania imekiuka wajibu wake kwa wajane hao.

Mafao ya mwanajeshi yakiingizwa kwenye kapu la mirathi, yanaingia chini ya kanuni hizo, na Bunge linaweza kuongeza kiwango mara tatu bila kubadili atakayekishika. Wala hakuna sababu ya msingi ya kuyaingiza humo. Ng'ombe, shamba na hisa za duara zilikuwa mali ya koplo alipokuwa hai, kwa hiyo zinarithiwa. Pensheni ya mtegemezi haikuwahi kuwa mali yake hata siku moja. Ni ahadi ya dola kwa mtu aliyekuwa akila kutokana na utumishi ule, na inaanza pale mtumishi anapokufa. Kenya, iliyotunga sheria mahsusi ya wanajeshi wastaafu mwaka 2022, iliwataja wategemezi ndani ya sheria yenyewe. Kwetu kuna msingi wa kuanzia: kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaruhusu mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakijulikana kama mke na mume, wachukuliwe kuwa wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo. Sheria ya pensheni inaweza kwenda mbele kidogo na kuuliza jambo moja tu, nani alikuwa akitunzwa.

Swali hilo haliepukiki hata fedha zinapotoka mbali. Desemba 2017 wanajeshi 15 wa Tanzania waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, wakiwa katika kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa. Umoja huo una kiwango kimoja cha fidia ya kifo, wakati ule dola 70,000, bila kujali cheo wala nchi. Lakini fedha hulipwa kwa serikali iliyotoa wanajeshi, nayo ndiyo humtafuta mlengwa kwa taratibu zake. Usawa wote wa New York unaishia pale muhtasari wa kikao unapodaiwa.

Jambo jingine dogo la kuandikwa kwa uangalifu ni sababu ya kifo. Katika vita vya Kagera idadi ya wanajeshi wa Tanzania waliokufa hutajwa kuwa 373, na waliouawa na adui uwanjani walikuwa sehemu ndogo yao. Wengi waliondolewa na ajali na mengineyo. Muswada utakaotoa posho nono kwa wategemezi wa waliouawa na adui peke yao utawaacha nje wajane wengi wa vita vilevile.

Wazee wa ukoo wana hoja yao, na si ya kubezwa: mjane akiolewa kwingine, fedha zitakwenda kwa mume mpya na watoto wa marehemu watabaki mikono mitupu. Dawa yake ni kutenganisha mafungu. Fungu la mtoto lilipwe kwa yule anayeishi naye na kumsomesha, na lihakikiwe kila mwaka kupitia shule. Fungu la mjane liwe lake. Hazina itauliza kuhusu wake hewa, na itakuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa imewahi kusumbuliwa na wastaafu hewa. Itauliza pia kuhusu gharama. Wategemezi huishi muda mrefu kuliko vita: mtu wa mwisho kupokea pensheni ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyokwisha mwaka 1865, alikuwa Irene Triplett, binti wa mwanajeshi, aliyefariki mwaka 2020 akiwa bado analipwa dola 73.13 kwa mwezi. Hesabu hiyo haimtishi mtu anayeipanga mapema, ila inahitaji rejista ya wategemezi inayofunguliwa mwanajeshi akiwa kazini na kurekebishwa kila anapohamia kambi au kuongeza mtoto, badala ya kuanza kuandikwa msibani.

Kwa utaratibu huo, mke wa Maswa na mwanamke wa Mwakitolyo wangelipwa wote, kila mmoja kwenye akaunti yake, na watoto wa pande zote mbili kwa umri wao. Mke wa Maswa atalalamika kwamba fungu lake limepunguzwa kwa ajili ya mwanamke wa machimboni, na ana haki ya kulalamika. Malalamiko hayo yasikilizwe na afisa wa pensheni mjini Shinyanga au makao makuu ya halmashauri Iselamagazi, kwa ushahidi wa mtendaji wa kijiji na mwalimu mkuu, ndani ya siku zilizotajwa na sheria. Shemeji yao aendelee na ng'ombe.