Miaka 60 ya Diouana: filamu iliyonyimwa fedha Paris

Mwaka huu wa 2026 filamu ya La Noire de… ya Ousmane Sembène wa Senegal inatimiza miaka 60. Haifiki hata saa moja, haina rangi, na wahusika wake ni wachache. Hata hivyo, ni filamu chache katika historia ya sinema ya watu weusi zilizofungua njia pana kama hii. Mwafrika wa kusini mwa Sahara alishika kamera akaingia nayo sebuleni kwa Wazungu, na msimulizi akawa mtumishi wao wa ndani, Diouana.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa kinyume. Amri ya Laval ya mwaka 1934 ilimtaka kila anayepiga filamu katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika aombe kibali cha serikali. Ndiyo maana mwongozaji Mwafrika Paulin Vieyra na wenzake walipotengeneza filamu ya Afrique-sur-Seine mwaka 1955, waliitengenezea Paris.

Sembène hakutoka katika ukoo wa wasomi. Alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, mtoto wa mvuvi, akafukuzwa shule, akafanya uashi, akapelekwa vitani, kisha akawa kuli katika bandari ya Marseille. Samba Gadjigo, aliyeandika wasifu wake, anaipa bandari hiyo uzito mkubwa, na mimi nakubaliana naye. Ni pale Sembène alipojiunga na chama cha wafanyakazi, akasoma vitabu vya maktaba yao, akavunjika mgongo kazini, na mwaka 1956 akatoa riwaya yake ya kwanza kuhusu kuli mweusi. Akaandika nyingine, zikasifiwa. Tatizo ni kwamba watu aliowaandikia, akina mama wa sokoni na wabeba mizigo wa Dakar, hawakuweza kuzisoma. Akiwa na umri wa karibu miaka 40 akaenda Moscow kujifunza sinema, na mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, kisa cha mwendesha mkokoteni wa farasi.

Kisha akamgeukia Diouana. Mwaka 1958 gazeti moja la Ufaransa lilichapa habari fupi: mtumishi wa ndani kutoka Afrika amejiua katika nyumba ya waajiri wake huko Antibes. Ilikuwa mistari michache tu. Sembène aliifanya hadithi fupi, akaichapisha mwaka 1962, halafu akaiandikia muswada wa filamu. Wakati huo Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa ilikuwa na ofisi ya kuwasaidia kifedha waongozaji filamu wa nchi zilizokuwa makoloni yake. Muswada wa Diouana ulipofika mezani, ofisi hiyo ikaukataa. Fedha za kupiga filamu za Waafrika zilikuwapo, ila si za kumwonyesha binti Mwafrika akigeuzwa mtumwa katika nyumba ya Kifaransa, miaka michache tu baada ya uhuru.

Sembène hakukata tamaa. Alipata msaada kwa André Zwoboda wa kampuni ya filamu za habari ya Les Actualités françaises, akaendelea na kazi. Kikaja kikwazo cha pili: hakuwa na kadi ya taaluma iliyohitajika Ufaransa kwa anayeongoza filamu ndefu. Ikabidi aikate ishuke chini ya dakika 60. Katika kukata huko kikaondolewa kipande cha rangi, pale Diouana anapofika Ufaransa akiwa amejaa matumaini. Mwaka 1966 filamu ikapata tuzo ya Jean Vigo Ufaransa, na Tanit ya dhahabu katika tamasha la kwanza la Carthage, Tunisia. Baada ya sifa hizo, wizara ileile iliyokataa muswada ikanunua haki za kuionyesha.

Mzigo wote wa filamu aliubeba Mbissine Thérèse Diop, fundi cherehani wa Dakar aliyeigiza Diouana. Tazama anavyodeki sakafu akiwa amevaa gauni lake zuri na viatu vya kisigino, akikataa kwa mavazi yake kuitwa mtumishi. Huyu anastahili kutajwa kila majina ya waigizaji wakubwa weusi yanapoorodheshwa, lakini mara nyingi anasahaulika. Sauti tunayoisikia si yake, ni ya Toto Bissainthe, msanii wa Haiti, na inazungumza Kifaransa. Sembène hakutaka hali hiyo ijirudie. Mwaka 1968, katika Mandabi, wahusika wakazungumza Kiwolofu, na mama wa sokoni akaelewa kila neno.

Sisi tulio na vibanda umiza, kumbi ndogo za video ambako DJ husimama kati ya filamu ya kigeni na mtazamaji akiisimulia kwa Kiswahili, tunalijua vizuri hitaji hilo la kusikia filamu kwa lugha yako. Inauma kwamba vibanda hivyo vimejaa filamu za Hong Kong, India na Marekani, na ni nadra mno kumkuta Sembène humo.

Baada ya Mandabi, Sembène alizidi kugombana na wakubwa. Xala ya mwaka 1975 ilikatwa na wakaguzi wa Senegal, naye akagawa vikaratasi vinavyoeleza vipande vilivyoondolewa. Ceddo ilizuiwa nchini mwake kwa miaka kadhaa chini ya Rais Senghor. Camp de Thiaroye, ya 1988, ilisimulia askari Waafrika waliouawa na jeshi la Ufaransa Desemba 1, 1944 baada ya kudai malipo yao. Moolaadé, inayopinga ukeketaji, ilipata tuzo Cannes mwaka 2004. Alifariki Dakar Juni 2007.

La Noire de… imefanyiwa ukarabati Ulaya, na picha zake sasa ni safi. Nyaraka za Sembène zimehifadhiwa katika maktaba ya Lilly, Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Zinatunzwa vizuri huko, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kijana wa Ziguinchor anayetaka kuishika miswada ya mtoto wa mvuvi wa mji wake, sharti kwanza aombe viza.