Njia ya Miguu kutoka Nyali hadi Rabai

Masomo: Yeremia 6:16, Waebrania 11:13–16



Likizo inapokaribia, hapa Isinya maswali huwa ni yale yale: watoto tutawapeleka wapi, na nauli itatoka wapi? Wenye nafasi husema, "Twende Mombasa tukaone bahari." Ni wazo jema, maana bahari ni kazi ya mikono ya Mungu. Lakini leo nataka kuwaeleza njia moja ya huko pwani ambayo wengi hupita karibu nayo bila kuijua. Haifiki kilomita 40, na mtu mwenye afya aweza kuimaliza kwa siku mbili. Yaanzia kwenye kaburi lililoko Nyali, yapita Frere Town, yavuka kisiwa cha Mombasa, kisha yapanda vilima mpaka Rabai. Haihitaji kampuni ya utalii. Msafiri hujiongoza mwenyewe, kwa miguu yake na kwa kuuliza.

Nadhani nasikia mtu akisema, "Mchungaji, je, sisi Waprotestanti twahiji? Si mambo hayo ndiyo waliyoyapinga wazee wetu wakati wa Matengenezo ya Kanisa?" Swali hilo ni la haki. Katika karne ya 16 Martin Luther na wenzake walikataa fundisho kwamba mtu hupata kibali kwa Mungu kwa kuzuru makaburi na mifupa ya watakatifu, nasi tunalikataa hata leo. Hakuna kilomita inayomfutia mtu dhambi. Kaburi halisikii maombi, wala jiwe halitoi baraka.

Hata hivyo nabii Yeremia aliwataka watu wa Yerusalemu wasimame kwenye njia panda na kuuliza habari za njia za kale. Hakuwaambia waziabudu njia hizo. Aliwataka waulize, wapate kujua iliyo njema na kuishika. Tofauti ni hiyo. Anayehiji ili apate stahili huhesabu hatua zake mwenyewe. Anayetembea ili akumbuke huhesabu hatua za waliomtangulia. Basi na tuandamane hatua kwa hatua.

Kituo cha kwanza ni Nyali, upande wa bara, mahali panapotazamana na kisiwa. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la CMS, alifika Mombasa akiwa na barua ya Sultani Sayyid Said wa Zanzibar. Alikuja na mkewe, Rosine, aliyekuwa mja mzito. Homa iliwashika wote wawili. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Rosine alifariki muda mfupi baada ya kujifungua binti, na siku chache baadaye mtoto naye akamfuata mama yake. Krapf akawazika hapo. Kisha, angali dhaifu kwa homa, aliwaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba kaburi lile katika nchi ya Afrika ni ishara kuwa vita vimeanza, na kwamba saa ya kuliita bara hili imekaribia.

Yafaa msafiri akae kimya hapo kwa muda. Mara nyingi twasema kwamba Krapf alileta Injili. Lakini wa kwanza kulipa gharama yake alikuwa mwanamke ambaye hakupata hata miezi sita katika mji wa Mombasa.

Ukitoka hapo waenda Frere Town, mahali ambapo watu wa zamani walipaita Kisauni. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar na kukataza watumwa kusafirishwa kwa bahari. Hata hivyo majahazi hayakuacha mara moja. Manowari za Waingereza ziliyakamata mengi, na swali likawa: watu waliookolewa waishi wapi? Hapo CMS ikaanzisha kijiji, kuanzia mwaka 1874, kikapewa jina la Sir Bartle Frere. Kengele ya kijiji ipo hata sasa, na mtaa wenyewe waitwa Kengeleni. Wenyeji husimulia kwamba ilipigwa kuonya watu hatari ilipokaribia.

Lakini angalieni jambo hili. Miaka kumi kabla ya Frere Town kuanzishwa, walikuwako Waafrika waliokwisha kurudi pwani wakiwa Wakristo. Hao ni watu waliotekwa wakiwa watoto, wakaokolewa baharini, wakapelekwa India na kusomeshwa katika shule ya misheni karibu na Nashik. Mwaka 1864 watatu kati yao walikuja Rabai kufanya kazi: William Jones, Ishmael Semler na George David. Shikeni jina la William Jones, maana tutakutana naye tena.

Sasa twavuka daraja la Nyali na kuingia kisiwani. Kituo cha pili ni Kanisa Kuu la ukumbusho la Mombasa, lililowekwa wakfu mwaka 1905. Lilijengwa kumkumbuka Askofu James Hannington. Huyu aliwekwa kuwa askofu mwaka 1884. Mwezi wa Mei 1885 aliwatia mikono Jones na Semler kuwa mashemasi, na mwezi wa Julai akaondoka Rabai kwa miguu kwenda Uganda pamoja na wapagazi wapatao 200. Shemasi Jones alifuatana naye. Walipita Ukambani, wakapita nchi ya Wakikuyu na ya Wamaasai, mpaka Kwa Sundu, ambako leo ni Mumias. Hapo Hannington alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu wapatao 50. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa huko Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na karibu wapagazi wake wote waliuawa pamoja naye.

Jina la Hannington limeandikwa juu ya jiwe, na kila mwaka Kanisa Anglikana humkumbuka. Je, wapagazi wale? Walikuwa na mama zao, na wengine walikuwa na wake waliobaki wakiwatazamia. Walibeba mablanketi, vyakula na sanduku za askofu juu ya vichwa vyao, wakafa kifo kile kile, kwa upanga na mkuki ule ule. Nani kati yetu aweza kutaja hata mmoja wao?

Siku ya pili msafiri aamke alfajiri, avuke Makupa, apite Changamwe na Miritini mpaka Mazeras. Sehemu hii haina uzuri wa kupigwa picha. Ni barabara kuu ya Nairobi, malori ni mengi na moshi ni mwingi, kwa hiyo yeyote anayeona hatari na apande matatu mpaka Mazeras bila kuona haya. Hakuna sheria inayovunjwa. Kutoka Mazeras, fuateni barabara ya Rabai. Hapo hewa hubadilika, minazi huwa mingi, na mlima huanza.

Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walipanda kilima hicho mwezi wa Agosti 1846, wote wawili wakiwa na homa, wakaanzisha kituo cha kwanza. Kutoka Rabai Rebmann alitembea mpaka nchi ya Wachaga, na tarehe 11 Mei 1848 akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Wasomi wa Ulaya walimcheka. Kutoka hapo hapo Krapf alikwenda Ukambani, na tarehe 3 Desemba 1849 akauona mlima Kenya akiwa Kitui. Vitabu vya shule vyatuambia kwamba watu hao "waligundua" milima. Lakini Rebmann hakwenda peke yake. Aliongozwa na Bwana Kheri, Mwislamu wa Mombasa, mkuu wa misafara aliyejua visima viko wapi na mfalme gani apewe heshima gani. Mgeni alifika kwa sababu mwenyeji alimwonyesha njia.

Na matunda yalikuwaje? Kwa miaka mingi yalikuwa haba sana. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu maskini aliyekuwa kiwete, tena alibatizwa alipokuwa karibu na kufa. Rebmann alikaa pwani karibu miaka 29 bila kurudi kwao, mpaka akawa kipofu. Aliondoka mwaka 1875, akafariki mwaka uliofuata. Leo nyumba zao zingaliko Rabai, pamoja na kanisa la Mtakatifu Paulo na makumbusho yenye jina la Krapf.

Lakini mimi nawasihi mtakapofika kwenye kanisa lile mmkumbuke William Jones. Mwezi wa Februari 1886 watu wa Rabai waliuona msafara ukirudi. Mbele yao ilipepea bendera ya buluu, na juu yake limeandikwa neno Ikabodi, lile jina la majonzi katika 1 Samweli 4, lenye maana ya kwamba utukufu umeondoka. Shemasi Jones alikuwa amewaongoza watu wale kutoka Kwa Sundu mpaka pwani, mamia ya kilomita, bila askofu wao. Aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto ndiye aliyewarudisha wana wa watu kwao.

Tena haikuwa mwisho. Watumwa waliowakimbia mabwana zao walikuja Rabai mmoja mmoja, wakapata hifadhi. Misheni ilikuwa imeahidi kutowapokea watoro, na wenye watumwa wa Mombasa walikasirika hata mwaka 1888 ikaonekana huenda damu ikamwagika. Lakini mtu kama Jones angewezaje kumrudisha mtoro kwenye minyororo ambayo yeye mwenyewe aliijua? Mwishowe kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani, kwa mkono wa George Mackenzie, ilikubali kuwalipa wenye watumwa fidia. Tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 katika vituo vya misheni walipewa hati za uhuru. Wengi wao walikuwa wa Rabai.

Basi, ndugu zangu, ndiyo sababu nasema njia hii yafaa kutembewa. Ukiipita kwa gari utasoma majina yaliyo juu ya mawe, kisha utaondoka. Ukiipita kwa miguu, mabega yakauma kwa mfuko mdogo tu wa nguo na maji, utaanza kuuliza nani aliyebeba mzigo. Injili ilipofika kwetu haikuja na miguu ya Wazungu wachache peke yao. Ililetwa na wapagazi, waongozi, wanawake na watumwa waliookolewa. Waebrania 11 yasema juu ya watu waliokufa wakiwa bado safarini, wakiwa wageni duniani, nao Mungu haoni haya kuitwa Mungu wao. Yeye anayajua majina ambayo sisi hatukuyaandika.

Kwa vijana watakaotaka kwenda, nina maneno machache. Nendeni wanne au zaidi. Anzeni mapema kabla ya jua kuwa kali, na maji msiyakose. Simu yenye ramani itawaonyesha barabara, lakini haitawaambia nani alikaa wapi. Kwa hiyo andikieni makanisa ya huko mapema, mkaombe mzee mmoja awasimulie. Kuuliza si ujinga. Mkikutana na Waislamu wa Mombasa, wasalimuni kwa heshima, mkimkumbuka Bwana Kheri. Na mkipenda kuendelea mbele ya Rabai, kuna Ribe, ambako ndugu zetu Wamethodisti walianza kazi mwaka 1862.

Na wewe usiye na nauli ya kufika pwani, usihuzunike. Hapa kwetu pia kuna njia za kale. Kutoka Kitengela mpaka Kajiado mashamba yamegawanywa na nyaya zimetandazwa, na njia walizopita wazee na mifugo yao zimefungwa moja baada ya nyingine. Zikifungwa, hadithi zake nazo hupotea. Katika kila kanisa letu dogo yuko mwinjilisti wa zamani, au mama mmoja, aliyetembea kutoka boma hadi boma na Biblia ndani ya mfuko, jua likiwaka, akipewa maziwa hapa na kufukuzwa na mbwa pale. Je, jina lake limeandikwa mahali popote? Jumapili hii mwulizeni, maadamu yu hai. Mwombeni awaonyeshe njia aliyoipita, mkatembee pamoja naye kwa mwendo wake, na mmoja wenu achukue daftari na kalamu.

Tuombe. Ee Mungu, uliyetembea na watu wako jangwani, twakushukuru kwa ajili ya wote walioleta Neno lako kwetu kwa miguu iliyochoka. Utusamehe tulipowasahau. Uwalinde wote wanaosafiri wakati huu wa likizo, uwafikishe salama, na utupe sisi nasi nguvu za kwenda mahali utakapotutuma. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.