Spea za pikapu ya zamani: uliza kipimo, usiulize jina la gari

Pikapu ya marehemu baba ni Peugeot 504 ya petroli, yenye namba ya zamani isiyo na herufi ya mwisho. Kwa miaka mingi ilibeba nazi na maembe kutoka Msambweni hadi soko la Kongowea. Baba alipofariki ililala chini ya mwembe miaka sita, kuku wakataga ndani. Ndugu zangu wakataka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo. Nikawaomba mwaka mmoja. Tukakubaliana: nisipoiwasha kwa pesa zangu mwenyewe, bila kugusa hata shilingi ya mazao ya shamba, inakwenda kwenye mizani.

Iliwaka mwezi wa kumi na moja. Tangu hapo kila ninaposimama kuna mtu ananiuliza spea nilizipata wapi. Wengi wana gari kama hilo nyumbani, la baba au la ami, nao wameambiwa madukani kwamba spea zake hazipo tena. Kwa hivyo nayaandika haya, moja baada ya jingine, kama nilivyojifunza.

Anza na gari lako mwenyewe

504 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na pikapu yake ikatoka 1979. Ziliungwa pia katika nchi nyingine, zikiwemo Kenya na Nigeria, na ziliendelea kuuzwa Afrika miaka mingi baada ya Ulaya kuziacha. Wazee watakumbuka pia kwamba ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Maana yake ni kwamba gari hili lilikuwa jingi, na gari lililokuwa jingi halikosi spea. Kinachokosekana ni kujua unachotafuta.

Andika namba ya chesisi, namba ya injini na ukubwa wa injini. Injini ya petroli ya cc 1796 ina pistoni za milimita 84, na ile ya cc 1971 ina pistoni za milimita 88. Ukimwambia muuzaji "pistoni za 504" tu, atakupa alizo nazo. Kumbuka pia kwamba 505 ilirithi injini nyingi za 504, za petroli na za dizeli. Duka lisilo na spea za 504 huenda lina za 505, na ni kitu kilekile.

Vipuri asili vya Peugeot vya wakati huo vina namba ya tarakimu nne, nukta, kisha tarakimu mbili. Ukiiona imegongwa kwenye chuma au kwenye boksi, iandike. Nilinunua daftari la shilingi hamsini, na ndilo lililoniokolea pesa nyingi kuliko kitu kingine chochote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Uliza kipimo

Altaneta yangu ilikuwa ikipiga kelele. Duka la kwanza Mwembe Tayari wakaniambia beringi zake haziuzwi, ninunue altaneta nzima. Nikaenda kwa fundi mmoja mzee, akaifungua, akapangusa beringi kwa kitambaa, akanionyesha maandishi: 6203. "Mwanangu," akaniambia, "hii haijui kama iko kwenye Peugeot. Nenda kwa wanaouza vifaa vya mashine za kusaga." Nikaipata siku hiyohiyo kwa shilingi mia chache.

Namba za beringi ni za dunia nzima. Katika beringi za kawaida, tarakimu mbili za mwisho hueleza tundu la katikati: 03 ni milimita 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa tano. Kwa hivyo 6204 ina tundu la milimita 20, na 6205 milimita 25. Herufi 2RS zina maana ya vifuniko vya raba pande zote mbili, na ZZ ni vifuniko vya chuma.

Sili za oili nazo zimeandikwa vipimo vitatu: tundu la ndani, upana wa nje na unene. Kama maandishi yamefutika, pima kwa kalipa. Fan belti ina urefu na upana. Mipira ya maji ina kipenyo na mkunjo. Chukua ule wa zamani, ulinganishe na mipira iliyotundikwa dukani, hata kama ni ya lori.

Kufufua kabla ya kununua

Vitu vingi tunavyovitupa vinafufuliwa hapa hapa Mombasa. Shuu za breki zinabandikwa lainingi mpya. Springi iliyovunjika inabadilishwa jani moja, si seti nzima. Stata na altaneta zinasukwa waya upya. Bushi zilizokwisha zinakerezwa na fundi mwenye mashine, mradi umpelekee ile ya zamani hata kama imechakaa. Ekzosi inakunjwa na kuchomelewa.

Tahadhari mbili. Lainingi za zamani huenda zina asbesto. Usipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa, lilowanishe kwanza. Na injini hizi za petroli zina slivu zinazotoka, zilizozungukwa na maji. Hilo ni jambo jema, kwa sababu unanunua seti ya slivu na pistoni bila kuchonga bloku. Lakini ukishatoa silinda hedi, usizungushe injini kabla ya kuzibana hizo slivu. Zikiinuka, sili za chini huharibika na maji huingia kwenye oili. Gereji ya kwanza niliyoipelekea haikulijua hilo, na nikalipia seti ya sili mara mbili.

Mzoga wa gari

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo usiote kuleta 504 nzima kutoka nje kwa ajili ya vipuri. Mizoga iko humu humu nchini. Nilizunguka yadi za Shimanzi, kisha nikapanda basi hadi barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Milango na mabawa ya mbele niliyapata bara, na nawashauri nanyi mtafute huko: chumvi ya bahari yetu inakula bati kutoka ndani, na mlango wa Pwani ukiupiga kwa kidole unasikia kutu ikimwagika.

Ukinunua kwenye yadi, dai risiti na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Spea ya wizi si spea rahisi. Na ukibadilisha injini nzima, namba yake lazima ibadilishwe kwenye rekodi za NTSA na kwenye logibuku, la sivyo siku ya kuuza au ya ajali utajuta.

Kuagiza nje

Agiza vitu vidogo na vyepesi tu: seti ya gasketi, vifaa vya kabureta, raba za breki. Kabla ya kulipa, ongeza nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Kitu kilichoonekana rahisi kwenye simu kinaweza kurudi ghali kuliko cha dukani. Mimi niliungana na wenzangu wawili wenye 504, tukaagiza mzigo mmoja na kugawana nauli.

Mahali pa kutobana pesa

Hili ndilo ninalotaka mlikumbuke hata mkisahau mengine yote. Kwenye breki nilijifanya mjanja. Niliona raba za silinda zisizo na jina wala namba, nusu ya bei, nikazinunua. Wiki ya tatu, nikiteremka kwenda feri ya Likoni, pedali ikazama hadi sakafuni. Mbele yangu palikuwa na kijana anasukuma mkokoteni wa maji. Nikavuta breki ya mkono, nikatia gia ya kwanza, nikalisugua tairi kwenye ukingo wa barabara. Gari likasimama karibu na mkokoteni kiasi kwamba yule kijana aligeuka akanitazama bila kusema neno.

Tulipofungua, raba zilikuwa zimevimba na kulainika kama embe bivu. Hazikuwa za mafuta ya breki kabisa. Nikabadilisha zote, mipira ya breki, masta silinda na mafuta, kwa vitu vyenye majina na vipimo. Pesa nilizookoa kwenye altaneta, milango na springi ziliishia hapo, na ndipo zilipostahili.

Kwa hivyo panga hesabu yako hivi: breki, stelingi na matairi vinunuliwe vipya na vizuri. Vingine vyote vitafute, vipime, vifufue, na uwe na subira.

Mwezi uliopita ndugu yangu mkubwa, yule aliyekuwa ameshazungumza na mtu wa vyuma chakavu, alinipigia simu. Alitaka pikapu Jumamosi, abebe nazi. Nikampa ufunguo, na daftari nikaliacha kwenye dashibodi.