“Difu inalia” haitoshi

Kumwambia fundi “difu inalia” hakumsaidii, na Kiswahili kina vitenzi vinavyotenganisha ubovu. Katika Mazda MX-5, gari dogo jepesi linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, difu inayovuma ukikanyaga mafuta na kubadili sauti ukiachia huelekeza kwenye mkao wa meno ya krauni na pinioni. Inayonguruma muda wote, ukanyage mafuta usikanyage, huelekeza kwenye beringi. Inayogonga gari likianza kuondoka, kwenye ulegevu wa meno au raba za kuishikilia. Mpinzani atasema beringi ya gurudumu nayo hunguruma. Kweli, ila hiyo kwa kawaida hubadilika gari linapokata kona, uzito ukihamia upande mmoja. Kitenzi sahihi humwonyesha fundi pa kuanzia kabla hajafungua boliti hata moja.