Miwani Iliyofunga Macho: Miaka 30 ya Virtual Boy na Fundi Wake

Tarehe 21 Julai 2025 ilitimia miaka 30 tangu kampuni ya Nintendo ya mji wa Kyoto, Japani, ilipotia sokoni chombo cha michezo chenye rangi nyekundu na nyeusi, mfano wa darubini nene iliyosimamishwa mezani kwa miguu miwili, ambacho mchezaji alikiinamia na kuuzamisha uso wake ndani hata asione tena chochote cha chumba alimokuwamo. Chombo hicho, kwa jina Virtual Boy, hakikumaliza mwaka sokoni, na kwa muda mrefu kikawa mithili ya jamaa asiyetajwa katika aila. Lakini kabla ya kupita miezi miwili baada ya kumbukumbu hiyo, Nintendo yenyewe ilitangaza kwamba michezo yake itafufuliwa mwezi Februari 2026, na kwamba umbo la chombo litaundwa upya ili mchezaji wa sasa aitie mashine yake ya Switch ndani yake. Kufufuka huko kumetupa wasaa wa kuuliza swali ambalo wenye viwanda wamezoea kulijibu kwa pupa: je, michezo ya uhalisia pepe itapata kuwa mazoea ya watu wote, kama ilivyo michezo ya simu na ya televisheni?

Wazo lenyewe ni kongwe. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, mwanachuoni wa Marekani, aliunda chombo cha kuvaliwa kichwani kilichokuwa kizito hata ikabidi kining'inizwe darini. Mwaka 1991 kampuni ya Virtuality ya Leicester, Uingereza, ilipeleka mashine zake katika kumbi za michezo. Na Sega ilionyesha miwani yake mwaka 1993, kisha ikaiacha bila ya kuiuza. Hatua hizo zajulikana. Kisa kisichotendewa haki ni cha Gunpei Yokoi, fundi wa Virtual Boy, na katika kukisimulia naegemea sana kitabu cha José Zagal na Benj Edwards, *Seeing Red*, kilichotolewa mwaka 2024.

Yokoi alizaliwa Kyoto mwaka 1941, akasomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, na mwaka 1965 akaajiriwa na Nintendo, ambayo zama hizo ilikuwa ingali kampuni ya karata, kama ilivyokuwa tangu kuasisiwa kwake mwaka 1889. Kazi yake ilikuwa kuangalia mitambo ya karata, na katika saa tupu za kazi hiyo alijiundia mkono wa kuchezea, wenye kurefuka na kufupika. Mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, aliuona mkono ule, na badala ya kumkemea akamwamuru augeuze kuwa bidhaa. Mwaka 1966 ukatoka kwa jina la Ultra Hand na ukauzwa zaidi ya milioni moja. Tangu hapo fundi wa mitambo akawa mbunifu wa michezo. Siku moja, akiwa katika treni ya mwendo wa kasi, alimwona msafiri aliyechoka akijiliwaza kwa kubonyeza vitufe vya kikokotoo, na katika kumtazama mtu yule akapata wazo la Game & Watch, michezo midogo ya mfukoni iliyotoka mwaka 1980. Mwaka 1989 ikafuata Game Boy.

Hikima yake ilikuwa moja: usikimbilie ufundi mpya wa ghali, bali chukua ufundi uliokwisha kuzoeleka, ambao bei yake imeshuka na hitilafu zake zimejulikana, uutumie kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Ndiyo maana Game Boy ilitoka bila rangi, ilhali washindani wake walijifaharisha kwa rangi. Lakini ilitumia betri kwa uangalifu, ilistahimili mikono ya watoto, na bei yake ilichukulika. Pamoja na mdogo wake mwenye rangi, iliuzwa zaidi ya milioni 118.

Virtual Boy nayo ilitoka katika chemchemi hiyohiyo. Kampuni ndogo ya Reflection Technology, katika jimbo la Massachusetts, ilikuwa imebuni kitazamio chenye safu moja ya taa nyekundu za LED na kioo kinachotikisika kwa kasi mbele yake, hata jicho likadhani kwamba laona picha kamili. Taa nyekundu zilikuwa rahisi na zilitumia umeme kidogo, na hilo lilimtosha mtu wa tabia ya Yokoi. Lakini kilichomvutia zaidi ni weusi uliozizunguka, kwa kuwa haukuwa na ukingo kama wa televisheni, bali ulikuwa kiza kisicho mpaka, ambamo vitu vilielea mbali na karibu. Zagal na Edwards wasisitiza, nami nawaafiki, kwamba tumekosea kukipima chombo hiki kwa kipimo cha uhalisia pepe, maana hakikufuata mwendo wa kichwa cha mchezaji hata kidogo. Nasaba yake ni ya yale masanduku ya kale ya kuchungulia picha, yaliyolipatia kila jicho taswira yake hata picha ikawa na kina.

Kilichokiharibu ni kupungua kwake hatua kwa hatua. Kilikusudiwa kivaliwe kichwani. Ikaja hofu ya kichefuchefu, hofu ya macho ya watoto, na hofu ya sheria mpya ya Japani ya dhima ya bidhaa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1995, siku 20 tu kabla ya chombo kutoka. Kampuni iliomba nasaha za wataalamu wa macho wa taasisi ya Schepens ya Boston, ikaweka onyo kwa watoto wa chini ya miaka 7, ikaingiza katika michezo ukumbusho wa kupumzika, na chombo cha kuvaliwa kikashushwa mezani. Hivyo mtu aliyeahidiwa ulimwengu mpya alijikuta ameinama, shingo yamwuma, na wenziwe chumbani hawaoni anachokiona. Kwa bei ya yen 15,000 huko Japani na dola 179.95 Marekani, viliuzwa takriban 770,000, na michezo iliyotolewa ni 22 tu.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi ambao haujatulia. Yokoi aliondoka Nintendo Agosti 1996, na mara watu wakasema amefukuzwa kwa aibu. Wako waliosimulia hata kwamba alisimamishwa kwenye maonyesho anadi chombo chake kilichoshindwa, kwa adhabu. Mwenyewe alikanusha, akaeleza kwamba alikwisha kuazimia zamani kufanya kazi huru baada ya umri wa miaka 50. Na kabla ya kuondoka alikuwa amemaliza Game Boy ndogo zaidi, ambayo haikuwa kazi ya mtu aliyetupwa. Miaka mingi baadaye Shigeru Miyamoto, mwenzake wa siku nyingi, alitoa rai kwamba Virtual Boy ingefaa kunadiwa kama kitu cha kujifurahisha, si kama mrithi wa mashine kuu. Neno hilo naliona la haki, ila lilichelewa: tarehe 4 Oktoba 1997 Yokoi alifariki katika ajali ya barabarani mkoani Ishikawa, naye ana miaka 56.

Yaliyofuata ni ya juzi. Palmer Luckey alichangisha zaidi ya dola milioni 2.4 mwaka 2012 kwa miwani yake ya Oculus. Facebook ikainunua kampuni yake mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 2. Na mwaka 2024 pekee idara ya miwani ya kampuni hiyo, sasa Meta, ilipata hasara ya dola bilioni 17.7. Mwaka huohuo Apple ilitoa yake kwa dola 3,499. Pamoja na hayo yote, katika hesabu za Steam, soko kubwa la michezo ya kompyuta, wenye miwani ni takriban wawili katika kila mia.

Fedha hizo zote zimetumika kuutibu uzito, rangi na kichefuchefu, na dawa zimepatikana kwa kiasi kikubwa. Ugonjwa uliobaki ni wa upweke. Hapa kwetu bao huchezwa barazani na watu wawili, lakini mchezo ni wa wote waliouzunguka, wenye kushangilia na kulaumu kila kete. Na katika vibanda vya gemu vya mitaani, kijana anayengoja zamu yake nyuma ya mwenye pedi anacheza kwa macho na kwa kinywa kabla pedi haijamfikia. Miwani humtoa mchezaji barazani na kuwaacha wenziwe wakimtazama mtu anayepapasa hewa. Chombo cha namna hiyo kitakuwa na wapenzi wake wa dhati, na kitastahili heshima, lakini hakitakuwa cha kila nyumba maadamu chamtaka mtu aiage nyumba kwanza.

Laiti wenye mabilioni wangemsoma Yokoi kwa mafanikio yake badala ya kumtaja kwa hasara yake. Fundi yule hakuanza na mashine. Alianza na msafiri aliyechoka katika treni, akampa mchezo palepale alipoketi.