CHEREHANI: KILIKOTOKA NA JINSI YA KUKICHAGUA

Nimeombwa niandike historia. Historia ya kikundi mnaijua, maana mmeitengeneza wenyewe. Mimi nitaandika ya cherehani, kwa sababu kwenye mkutano mkuu tutaamua hela ya mfuko inunue vyerehani vya aina gani. Hela hiyo ni jasho letu, jamani. Tusije tukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Neno lenyewe asili yake ni Kiajemi, na kwao charkh ni gurudumu. Chombo kilitokea Ulaya na Marekani. Mfaransa Thimonnier alipata hati ya cherehani chake mwaka 1830, lakini mafundi wa Paris wakavamia karakana yake wakavunja mashine, wakiogopa kukosa kazi. Mwaka 1851 Mmarekani Isaac Singer naye akapata hati. Bei ilikuwa nzito kwa familia za kawaida, kwa hiyo kuanzia 1856 kampuni yake ikauza kwa kulipa kidogo kidogo. Mnaona? Hata huko mama wa nyumbani hakukipata kwa mkupuo. Na sisi tumekipata hivyo hivyo, hisa kwa hisa.

Huku kwetu, kwa miaka mingi cherehani kilikuwa cha fundi mwanaume aliyekaa barazani mbele ya duka la vitambaa. Mwanamke wa pwani alikuwa na sindano yake ndani, akidarizi kofia na kushona foronya kwa mkono. Baada ya Uhuru wa 1961 madarasa ya akina mama ya kusoma, kupika na kushona yalienea, na wengi waligusa cherehani mara ya kwanza huko.

Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa pale Ubungo kwa msaada wa China, khanga na vitenge vikatoka hapa hapa Dar es Salaam. Vyerehani vya Butterfly kutoka Shanghai navyo vilizoeleka, vikakaa pamoja na Singer. Miaka ya mwanzo ya themanini nguo ziliadimika, watu tulipanga foleni. Kuanzia 1984 biashara ilipofunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi na viwanda vyetu vikayumba. Kazi ya kushona ikabadilika. Gauni la kila siku mtu ananunua mtumba. Kwa mshonaji analeta sare ya harusi, sare ya shule, mapazia, mashuka, au huo mtumba wenyewe upunguzwe.

Hapo ndipo pa kuanzia kuchagua: kazi kwanza, cherehani baadaye. Mwenye kushona mashuka, foronya na mifarishi ya viraka vya vitenge anahitaji mshono ulionyooka tu. Cherehani cheusi cha kukanyaga kinamtosha. Anayetaka kushona jezi na fulana zinazovutika anahitaji cha zigizaga, la sivyo uzi utakatika nguo ikivaliwa. Wa sare nyingi za shule atafute cha umeme, maana kasi ndiyo faida yake.

Kuna wanaosema cha kukanyaga kimepitwa na wakati. Wana hoja: mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme. Lakini sisi tuliokuwepo mgao wa 2006 na ule wa 2011 tunajua, siku umeme ulipokatika mguu haukukatika. Na luku nayo inakula faida.

Ukifika Kariakoo usivutwe na rangi wala maandishi ya dhahabu, yanabandikwa tu. Nenda na vipande viwili, khanga nyepesi na jinzi. Zungusha gurudumu kwa mkono kwanza. Lisikwame wala lisipige kelele. Shona vyote viwili, kisha geuza: mshono wa chini ufanane na wa juu. Kwa mifarishi, jaribu vitambaa vitatu kwa pamoja. Uliza kama bei ni ya kichwa peke yake au pamoja na meza. Uliza vipuri. Butterfly nyingi nyeusi zimefuata muundo wa Singer namba 15, ndiyo maana sindano na vibobini vyake havisumbui kupatikana.

Pendekezo langu kwa mkutano ni hili: vingi viwe vya kukanyaga, kwa ajili ya wanaoanza, na kimoja cha umeme tukitumie kwa zamu pale kwenye chumba cha kikundi. Mwenye wazo lingine aje nalo, tusikilizane. Mkopo wa cherehani unarudishwa na cherehani chenyewe. Kikilala, deni linabaki kwa mama na watoto wake.

Haba na haba hujaza kibaba. Akina mama, hongereni kwa miaka kumi.

Mwenyekiti