Ufunguo Uko kwa Nani? Historia Fupi ya Kufuli za Gemu

Sisi wapenzi wa vitabu tuna imani moja ya zamani: kitu ukikinunua, ukakishika mkononi, basi ni chako. Kitabu cha karatasi hakikuulizi nywila. Ndiyo maana wengi wakizungumzia gemu za kompyuta hudhani kwamba ile ya kwenye boksi ndiyo huru, na ile ya kupakua mtandaoni ndiyo yenye minyororo. Historia inasema vingine, na inafaa tuisikilize, maana vitabu vyetu navyo vimeshaanza kupita njia hiyohiyo.

Tuanze na karatasi. Mwaka 1982 kampuni ya Infocom ya Marekani ilitoa Deadline, gemu ya upelelezi isiyo na picha hata moja kwenye skrini: unasoma, unaandika amri, unasoma tena. Ndani ya boksi waliweka mahojiano ya polisi, ripoti ya maabara, hata vidonge vya bandia, kwa sababu maelezo yote hayakuenea kwenye diski. Kumbe vikorokoro vile vilikuwa na faida ya pili: aliyenakili diski bila kuwa navyo alikwama. Wengine wakaendeleza mbinu hiyo. The Secret of Monkey Island ya 1990 ilikuja na gurudumu la karatasi. Unazungusha vipande vya sura za maharamia mpaka vilingane na uso ulio kwenye skrini, kisha unaandika mwaka unaojitokeza kwenye kidirisha. Ukikosea, huingii.

Ilikuwa kero, sikatai. Lakini kufuli na ufunguo vilikaa ndani ya boksi moja. Ukilinunua boksi, umenunua vyote viwili. Ungeweza kumrithisha mwanao au kumuuzia jirani, na kampuni isingejua wala isingejali.

Kisha zikaja CD, na kufuli likahamia kwenye diski yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 programu kama SafeDisc na SecuROM zilianza kukagua kama diski uliyoingiza ni halisi. Ufunguo bado ulikuwa kwako, ila sasa ulihitaji ridhaa ya mtu wa tatu, yaani mwenye Windows. Mwaka 2015 ridhaa hiyo ikakoma. Windows 10 ilikuja bila kukubali SafeDisc, kwa sababu za usalama. Ninayo gemu moja ya aina hiyo kwenye rafu, kati ya riwaya mbili. Diski yake haina hata mkwaruzo, boksi zima, risiti ipo. Kwenye kompyuta yangu ya sasa haifunguki. Riwaya za jirani zake zinafunguka bila shida.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyobadilisha maana ya kununua. Novemba 2004 Half-Life 2 iliingia madukani ndani ya boksi, lakini aliyelinunua alilazimika kufungua akaunti ya Steam na kuithibitisha gemu kupitia intaneti. Siku ya kwanza seva zilielemewa, na watu wakabaki wameshika diski walizolipia, wakisubiri ruhusa. Kwa msomaji anayeishi kwa bando, hapo sina haja ya kueleza zaidi. Mwaka 2008 kampuni ya EA ikaongeza chumvi: Spore ingeweza kuthibitishwa mara tatu tu. Wateja kwa maelfu waliimiminia nyota moja moja kwenye duka la Amazon, na EA ikapandisha idadi hadi tano. Wakati huohuo, nakala za wizi zilikuwa zimesambaa mtandaoni hata kabla gemu haijaingia madukani. Aliyeiba hakuhesabiwa, aliyelipa ndiye aliyehesabiwa.

Lakini tukio ninalolipenda zaidi lilitokea Poland. Mei 2011 CD Projekt ilitoa The Witcher 2, gemu iliyozaliwa kutokana na hadithi za Andrzej Sapkowski. Boksi la dukani lilikuwa na kufuli la SecuROM. Ile ya kupakua kutoka GOG, duka la kampuni hiyohiyo, haikuwa na kufuli lolote. Wengi walitarajia maharamia wainyakue ya GOG, maana mlango ulikuwa wazi. Wapi! Iliyotangulia kusambaa kwa wizi ilikuwa ile ya kwenye boksi, kufuli likiwa limevunjwa. Mwezi huohuo kampuni ikalitoa kufuli hilo kwa wote. Hapo aliyepakua alikuwa na mali, na aliyenunua boksi alikuwa na mlinzi asiyemlinda yeye.

Sisemi watunzi wasilinde kazi zao. CD Projekt wenyewe walikadiria kuwa gemu hiyo iliibwa mara mamilioni, na mtu anayeishi kwa kalamu anajua uchungu huo. Ninachouliza ni nani anabaki na ufunguo baada ya pesa kutoka mfukoni.

Swali hilo limeshatufikia wasomaji. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za 1984 ya George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokuwa wamezilipia, kwa kuwa muuzaji hakuwa na haki ya kuziuza. Pesa walirudishiwa, kitabu kiliondoka usiku usiku.

Na upande wa gemu, Ubisoft ilizima seva za The Crew tarehe 31 Machi 2024, miaka kumi haijatimia tangu itoke. Iliuzwa kwa kupakuliwa na iliuzwa kwa boksi; zote mbili zilikufa siku moja. Iliporudi, ilirudishwa na wapenzi wake waliojitengenezea seva yao, si na aliyeiuza. Mwaka huohuo California ilipitisha sheria inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali kusema wazi kwamba unachopata ni leseni.

Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri matako. Deadline ya 1982 bado inachezeka leo, karatasi zake na zote. Gemu iliyo changa kwayo kwa miaka thelathini na mbili ilihitaji kufufuliwa. Tofauti yao haikuwa boksi.